Sufuria Iliyonidanganya Mbele ya Mama Mkwe

Heri niseme mwenyewe, maana rafiki yangu Otieno ameshaanza kuisambaza, na kila akiisimulia ananiongezea kilio. Ni kweli: nilimwaga pilau ya mama mkwe mbele ya Waswahili wenzetu wote wa Sundbyberg, huku Sweden tunakoishi, na nilifanya hivyo nikiwa nimetoka tu kuipima.

Mke wangu Neema ni msomi, kazi yake kuitazama ardhi kwa picha za setilaiti. Mimi niliishia kidato cha nne na ni mtu wa nyumbani (nikivuka kituo cha treni napata homa), napika, nafua, namlea Tumaini wetu. Sasa mama yake akaja kututembelea kutoka Dodoma, na wiki nzima akawa ananitazama nikipiga pasi, kimya, hasemi neno. Nikajiambia lazima huyu mama ajue kwamba mkwe wake naye ana kichwa.

Jumapili tukaenda kuchoma nyama kando ya ziwa, na mama akapika pilau hapohapo. Katika mazungumzo akauliza, "Hivi Neema, hayo majani unayoyatazama kutoka huko juu yana nini?" Kabla mwenyewe hajameza nyama nikadakia: setilaiti inaona joto linalotoka ardhini, ila kila ardhi ina namna yake ya kulitoa, penye majani mengi linatoka vizuri, penye udongo mtupu linapungua kidogo, kwa hiyo Neema anaangalia ukijani kwenye picha, anakadiria ardhi ile inatoa joto kwa kiasi gani, ndipo anajua ina joto gani hasa.

"Kumbe unajua!" mama akasema.

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na heshima zangu.

Nikachomoa kwenye mkoba wa Neema kipimajoto chake, kile cha kuelekeza kama bastola. Nikapima nyasi, nikapima udongo, watu wakapiga makofi, kichwa kikavimba. Nikaelekeza kwenye sufuria ya pilau, imefunikwa, imetoka motoni sasa hivi (na kwa vile niliisugua mwenyewe, iling'aa hadi ungeweza kuifanya kioo cha kunyolea ndevu). Namba ikaja ndogo, kama ya maji ya bomba.

"Imepoa," nikatangaza. "Naileta mezani."

"Chukua kitambaa, baba," mama akasema.

"Mama, hii ni sayansi."

"Baba Tumaini, usi..." Neema akapiga kelele.

Nikaikamata kwa viganja vyote viwili. Sauti niliyotoa sitaieleza, Otieno anasema mbwa wa ng'ambo ya ziwa waliitikia. Sufuria ikapaa, pilau ikalala kwenye nyasi, na shakwe wakashuka kama waliokuwa na kadi za mwaliko.

"Bana, hebu pima hiyo mikono tujue kama imepoa!" Otieno akasema.

Neema akaniburuta hadi majini, anacheka huku ananikanda. Chuma kinachong'aa, akasema, hakitoi joto lake kama majani, kinarudisha tu ubaridi wa angani, kwa hiyo kipimo kinadanganyika. "Ungeiacha na masizi yake, ingesema kweli. Si nilikueleza juzi?" (Alinieleza. Alipofika kwenye mabati nilikuwa nimeshakimbilia chapati zangu jikoni.)

Nikamwendea mama kuomba radhi, macho chini. Amejifunika khanga mdomoni, mabega yanatikisika, nikajua ndiyo basi, nimemliza. Kumbe anacheka!

"Mwanangu, wiki nzima nakuogopa," akasema. "Mwanamume anayekunja hata soksi! Nikasema huyu ataniona mimi mchafu. Leo ndiyo nimekuona mtu." Kisha, kwa kuwa mikono yangu haikufaa kitu, akanilisha nyama kwa mkono wake, mama mkwe mzima, mbele za watu, na mimi nikatafuna kwa adabu huku Otieno akipiga picha.

Nimeapa sitapima tena chochote mbele ya wakwe. Mama amesharudi Dodoma, na akipiga simu haanzi kumuulizia binti yake wala mjukuu. Anasema, "Nipe baba hapo," nikishika tu anauliza, "Mikono?"