Siku Nilipojitaja kwa Jina la Zaituni

Jamani, kama mnanicheka nichekeni sasa hivi, maana Koboko nzima wameshanicheka na hamna mtakachopunguza. Mimi Hadija, mtu mzima mwenye wajukuu, nilisimama kwenye ngoma ya harusi ya mtoto wa dada yangu nikajitangaza kwa jina la mwanamke mwingine.

Chanzo ni wivu, siwafichi. Jirani yangu hapa Arua ni Zaituni, tumetenganishwa na ua wa matete tu, na huyo bibi kila asubuhi akifagia uwanja anatunga wimbo. Kila asubuhi! Anaimbia ufagio, anaimbia mvua, anaimbia kuku wake, na nyimbo nyingine ni mbaya hata hao kuku wanakimbia (hapo roho yangu ilikuwa inatulia), lakini kesho yuko palepale anaanza upya. Mimi nilikuwa nasema wimbo ni kipaji, ukija umekuja, basi nikawa naungoja kitandani. Haukuja. Zaituni ndiye akawa anaitwa kuimbisha kila doluka, ile ngoma ya wanawake wetu wa Kinubi, na mimi nikabaki wa kuitikia na kupiga makofi.

Sasa dada yangu wa tumbo moja, Mama Aziza, anaozesha binti yake Koboko, na nani anaombwa amwimbie bibi harusi? Zaituni! Nikampigia dada simu, nikalia mpaka akachoka.

"Haya, wewe utafungua ngoma," akasema. "Lakini usiniletee aibu, Hadija. Wakwe iko wengi."

Kufungua nitafungua, wimbo sina. Ndipo nikafanya kitu kidogo tu: nikaning'iniza simu kwenye ua, nikanasa wimbo wa harusi aliokuwa Zaituni akiufanyia mazoezi, halafu nikausikiliza nikifua, nikipika, nikipepeta mchele, mpaka nikajua hata anapovuta pumzi. Akija kuimba akute umeshaimbwa, atasema nini?

Tatizo moja: kwetu mwimbaji hujitaja mwishoni, yeye na mama yake, ili watu wajue wimbo ni wa nani na nani apewe zawadi. Hapo nikabadilisha nikaweka jina langu. Kichwani nilibadilisha. Mdomoni sikujaribu hata mara moja, kwani nani anafanyia mazoezi jina lake mwenyewe?

Siku ikafika, ngoma inalia, vigelegele, wakwe wamesimama wote, dada anafuta machozi ya furaha, mimi nimepandisha sauti mpaka mishipa ya shingo imetoka, nafika mwisho nasikia mdomo wangu unasema, "Ni mimi Zaituni, mtoto wa Mama Bahati!"

Ngoma ikanyamaza.

"Nani?" akauliza shangazi wa bwana harusi. Kisha akaangua kicheko. "Kumbe hii wimbo iko ya Zaituni! Zaituni iko wapi? Akuje!"

Zaituni alikuwa mlangoni, begi mkononi, ndiyo kwanza anaingia. Wakamvuta katikati, na leso zilizokuwa zinakuja mabegani kwangu zikaenda kwake. Hapo ningekaa chini ingeisha, lakini wivu, jamani! Nikasema kwa sauti kwamba ulikuwa utani tu, wangu ninao.

"Basi imba ya kwako, tusikie," akasema yule shangazi.

Nikafungua mdomo, kikatoka nini? Mchele. Nikaimba kwamba mchele ni mweupe, kwamba mchele umepepetwa, na baada ya hapo sikuwa na lingine la kusema kuhusu mchele, nikaurudia uleule. Dada akajifunika uso kwa mtandio. Hakuna aliyeniitikia isipokuwa mtu mmoja, "Mchele mweupe, eee!", na mtu huyo alikuwa Zaituni. Mpaka leo hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kicheko.

Simu yangu haitapanda ua wa mtu tena. Siku hizi nafagia naimba, na nikianza, upande wa pili ufagio unanyamaza. Jana niliimbia sufuria iliyoungua, nikajitaja mwishoni, Hadija mtoto wa Mama Mariamu, na kutoka nyuma ya matete nikasikia, "Hii iko mubaya, dada. Lakini iko yako."

Nilinuna mchana kutwa. Leo asubuhi nimeamka kabla yake.