Mota ya Nne

Feride, mpiga picha za harusi wa mji wa Midyat, hakurusha droni yake kabla ya kuipekua kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Wateja walimcheka. Yeye aliwaza vichwa tu, vile vinavyokuwa chini droni inapokuwa juu.

Siku ya harusi ya Zozan, binti wa mama yake mdogo, aliiweka juu ya ukuta wa ua. Akapapasa betri kama imevimba, akapitisha kucha kwenye kila pangaboi akitafuta ufa. Salama. Kisha akazungusha mota kwa kidole, moja moja. Tatu zilizunguka kimya. Ya nne ilikwaruza.

Jana aliirusha kijijini, kwenye vumbi la wapepeta dengu. Akaipiga brashi, akaipuliza, akazungusha tena. Mkwaruzo ulipungua, haukuisha.

"Wewe Feride, bado tu?" Ami Şakir, baba mdogo wa bwana harusi, alikuja na shela nyekundu mkononi. Alikuwa amewaahidi wageni kwamba droni itaiangusha toka angani imfunike bibi harusi katikati ya wachezaji.

"Ami, mota moja inakwaruza. Siipitishi juu ya watu."

"Hata magoti yangu yanakwaruza, mbona nacheza?" Waliosikia wakaangua kicheko. "Au unamuogopa mdudu wako mwenyewe?"

Feride aliwatazama wachezaji walioshikana vidole wakifuata zumari, na Zozan katikati yao akimsihi kwa macho. Ilibaki kidogo tu akubali.

"Niijaribu kwanza kule kwenye mizabibu, nje ya ua," alisema. "Bila shela. Na mtu asipite huko."

Droni ikapanda vizuri, ikatulia angani.

"Ehe! Nilikwambia nini?" Ami Şakir alisema nyuma yake.

Kwenye kioo cha rimoti picha ilikuwa ikitetemeka. Feride akaanza kuishusha, lakini haikufika chini. Ilijipinda upande mmoja, ikazunguka kama kuku aliyechinjwa, ikajibwaga kwenye mawe. Zumari likanyamaza.

Alikimbia, akachomoa betri iliyobonyea, akaifukia mchangani mbali na nyasi kavu isije ikawaka. Aliporudi, Ami Şakir alikuwa amesimama palepale, uso umempauka.

"Mjukuu wangu yumo mle wanamocheza," alisema.

"Najua, ami. Nilimwona."

Mzee akapanda ngazi mpaka kwenye paa. Aliirusha shela kwa mkono wake. Upepo ukaipeleka kwa mpiga zumari, ikamfunika yeye na zumari lake, na Zozan akacheka mpaka akashika mbavu. Ikarushwa tena, ikampata.

Feride alipiga yote kwa kamera ya mkononi. Picha zile zilitoka zimetikisika mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu mikono yake haikutulia mpaka wageni walipoondoka.