Chetezo cha Shangazi Mwanasiti

Shangazi yangu Mwanasiti hasamehi. Nalisema mapema, maana angenisuta mbele za watu kama ningempamba. Ana miaka sitini na mbili, ana meno yake yote, na akishakuwekea kinyongo atakaa nacho mpaka kiive.

Alitoka Pangani akiwa msichana, amefunga kwenye furushi la nguo zake chetezo cha udongo cha kufukizia, cha marehemu mama yake. Mzee Harub alikuwa ndiyo kwanza anafungua mkahawa wa aiskrimu mtaa wa Raskazone, karibu na chuo, akamwajiri. Waliuza aiskrimu ya aina moja tu, ya maziwa na iliki, na mtengenezaji alikuwa shangazi. Wanafunzi walipanga foleni hadi barabarani, bajaji zikawapigia honi wapishe.

Harub alipochoka akamuuzia Ayubu, mfanyabiashara wa nazi. Siku ya kukabidhiana alimsimamisha shangazi mbele yetu sote. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhudumia meza pale.

"Huyu ndiye mkahawa," alimwambia Ayubu. "Viti ukitaka vitupe."

Ayubu alipaka kuta rangi ya kijani, akabadili jina la mkahawa, lakini jikoni hakugusa kitu. Alipouza naye, akamwambia mnunuzi maneno yaleyale. Mnunuzi huyo alikuwa Queen, mwanamke kijana aliyekulia bara, mwenye kucha ndefu na haraka nyingi. Alicheka.

Wiki ya kwanza Queen alipaka kuta rangi ya waridi. Wiki ya pili akamwita shangazi, akashika simu, akataka kujua aiskrimu inatengenezwaje. Shangazi alimweleza kila kinachoingia: maziwa, iliki, sukari, dakika za kuchemsha, muda wa kupoza. Hakumdanganya hata kijiko kimoja. Queen aliandika yote, kisha akamkabidhi Lea, binti aliyekuja naye, jiko.

"Wewe mama utaosha vyombo," alisema. "Kuosha vyombo hakuhitaji kujua kitu."

Miaka arobaini shangazi alisimama kwenye sufuria ile, leo anaambiwa hajui kitu! Akahamia kwenye karo. Aiskrimu ikaendelea kuwa tamu, na Queen akawa anajisifu kwa wateja kwamba amejifunza kwa wiki mbili.

Asichokijua ni kwamba utamu ulikuwa bado mikononi mwa shangazi. Kila asubuhi, akishaosha ndoo ya kuzungushia aiskrimu, aliikausha, akawasha chetezo, akatia ubani, akaifunika ndoo juu yake mpaka ishibe moshi. Ndivyo mama yake alivyofukiza mtungi wa maji kule Pangani. Maziwa yakimiminwa humo yanachukua harufu ile, wala mlaji hajui ni nini kinachomrudisha kesho.

Asubuhi moja Queen aliingia jikoni akakohoa.

"Moshi gani huu? Wateja watadhani humu kuna mganga!"

Hakuuliza zaidi. Alikitwaa chetezo kwa kitambaa, akakitupa uani. Kikapasuka. Shangazi akaambiwa aende zake. Mlangoni alifungua mdomo aseme, akakitazama chetezo cha mama yake kilichopasuka chini, akaufunga. Aliokota vipande vyote, akavifunga kwenye kanga.

Mimi nilibaki, na nilibaki makusudi. Nilitaka kuona. Wanafunzi walionja, wakatazamana, wakaacha bakuli nusu. Queen alibadilisha maziwa, akabadilisha iliki, akamgombeza Lea mpaka binti wa watu akaacha kazi.

"Wateja wanasema imepungua nini?" aliniuliza.

"Hata sijui, bosi," nikamjibu, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Mwaka haukuisha, akauza. Mnunuzi, Eliudi, alisoma chuo kile zamani za Ayubu. Kabla hajagusa ukuta alifika nyumbani kwa shangazi.

"Shikamoo mama. Nimenunua viti tu. Nimekuja kuomba mkahawa."

Shangazi alirudi kazini na chetezo chake, amekiunga kwa waya.

Foleni ikarudi. Mchana mmoja Queen akaja, akakaa kwenye kona, akala bakuli zima bila kuinua kichwa. Kisha akaingia jikoni nalo mkononi. Akaona ndoo imefunikwa juu ya chetezo, moshi unavuja pembeni.

"Kumbe ni huo," alisema. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikiona kwa macho yako, mwanangu. Ukakitupa."

Queen aliinamisha uso. "Nisamehe, mama." Akasogea kwenye karo, akafungua bomba aoshe lile bakuli, nadhani kwa kukosa la kufanya.

Shangazi akalifunga bomba, akamnyang'anya bakuli mkononi.

"Liache," alisema. "Hapa haoshi asiyejua kitu."