Ngumi za Sakafu ya Mpunga

Nilianza kung-fu kwa sababu ya meno mawili. Yalikuwa ya mbele, upande wa kushoto, na yaling'oka kwenye jaruba letu upande wa Lupiro, mpunga ukiwa umeanza kuinama. Nilikuwa juu ya dungu naamia ndege. Kundi la ng'ombe likaingia shambani kama limealikwa, limetanguliwa na dume jeupe lenye pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni. Nilishuka mbio nikalitandika lile dume kwa kipande cha mti. Mchungaji wake, Msukuma mrefu aliyejifunika shuka mpaka puani, alinipiga fimbo ya mdomo. Nilipoinuka kwenye matope alikuwa ameshanipita, ng'ombe wakimfuata huku wanatafuna.

Sura yake sikuiona. Dume nililiona vizuri. Sisi wakulima wa bonde hili ndivyo tulivyo: mchungaji hatumtambui kwa uso, tunamtambua kwa ng'ombe wake. Ukisema "yule wa dume la pembe mbovu" kila mtu anakuelewa, na hakuna anayeuliza zaidi.

Nina hasira za karibu, sikatai. Mama aliniambia nimshukuru Mungu kwamba jicho limepona. Sikushukuru. Nilitaka kumpiga yule mtu mdomoni, naye ateme kitu. Mavuno yalipokwisha nikarudi mjini, mtaa wa Viwanja Sitini, nikaenda kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga. Kila jioni, watu wakishaanua mpunga wao, fundi baiskeli mmoja alifundisha kung-fu kwenye ile sakafu ya kuanikia.

Mwalimu alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyeamka na mafua. Alifundishwa Dar es Salaam na mzee aliyejifunza kwa Wachina waliojenga reli, na zaidi ya hapo hakutupa historia. Siku ya kwanza hakuniuliza nimekuja kutafuta nini. Aliniweka mkao wa farasi, magoti yamekunjwa, mapaja sambamba na sakafu, halafu akaenda kuziba pancha ya mtu. Aliporudi nilikuwa natetemeka mwili mzima. Akanichapa mapajani kwa kipande cha tyubu.

"Farasi hatetemeki."

"Farasi ana miguu minne, mwalimu."

Akanichapa tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

Mfuko wa kupigia ngumi hatukuwa nao, tulipiga gunia la mpunga. Asiyejua adha yake na ajaribu. Gunia linachubua vifundo vya vidole, halafu vumbi la mpunga linaingia kwenye vidonda na kuwasha mpaka unatamani kuvitafuna. Tuligonganisha mikono, mfupa kwa mfupa, mpaka ikavimba na nikashindwa kufunga kanga. Nililia, sioni aibu kusema. Lakini kila ngumi niliyoitupa nilikuwa naona shuka lile, na ndani ya shuka mdomo.

Mwalimu alinipanga na msichana wa Kisukuma. Alikuwa anajifunza ushonaji mjini, anaishi kwa shangazi yake, ana mikono mirefu na kicheko kisichojua pa kuishia. Naamini mwalimu alifanya makusudi, kwa sababu wiki ya kwanza tu alinisikia nikiwasema Wasukuma. Nilimpiga yule binti kuliko mazoezi yalivyotaka. Ukiambiwa gusa, mimi nilipiga. Siku moja nilimpiga teke la mbavu akakaa chini, anatafuta pumzi.

"Dada," alisema alipoipata, "unanipiga kama nimekula mpunga wako."

"Mmeula."

"Mimi mpunga? Mimi mtu wa ugali!"

Akacheka, akasimama, akanipiga kofi la sikio ambalo lililia mpaka kesho yake. Baada ya mazoezi alinikanda mikono kwa maji ya moto yenye chumvi, bila kuombwa. Nilimpenda, na jambo hilo liliniudhi sana. Aliponiuliza kuhusu pengo langu nilimdanganya kwamba nilianguka kwenye pikipiki. Ningesemaje? Kwamba kila nikimpiga nafanya mazoezi ya kumpiga ndugu yake?

Tulipigana hivyo karibu nusu mwaka. Kisha jioni moja alikuja amesuka nywele upya, anacheka peke yake. Amechumbiwa. "Mahari imeshafika kwa baba," alisema. "Ng'ombe wamevuka mto, wako zizini kwetu." Nilimpongeza kwa moyo mweupe. Sikumuuliza ng'ombe wenyewe wakoje. Nani anauliza sura za ng'ombe wa mahari?

Msimu uliofuata nilikuwa tena upande wa Lupiro, juu ya dungu lile lile. Mchana mmoja, jua limesimama utosini, nikasikia kengele ya ng'ombe. Nikageuka. Dume jeupe, pembe mbovu, limeingiza miguu ya mbele kwenye mpunga wetu. Sikumbuki nilivyoshuka kwenye ngazi. Nilipopita nyuma ya vichaka nikamkuta mtu amesimama kwenye tuta, shuka kichwani, ameilaza fimbo mabegani nyuma ya shingo na mikono yake miwili ameining'iniza juu yake, kama wachungaji wanavyopumzika.

"Binti, habari za..." alianza.

Nilimpiga mdomoni. Ilikuwa ngumi safi, ngumi ya mwaka mzima, imetoka kiunoni kama nilivyofundishwa. Nilisikia kitu kinavunjika na nikafurahi. Nimeapa kusema kweli hapa: nilifurahi. Alitaka kushusha mikono, lakini mmoja ulinaswa kati ya fimbo na shuka. Nikampiga ya pili. Nilipotaka kumwingia kwa ile hatua ya kuteleza tuliyozoea kwenye sakafu kavu, mguu ukazama kwenye matope, tukaanguka wote jarubani, mimi juu. Kung-fu ikaishia hapo. Kilichobaki kilikuwa kupiga tu, kwa kiwiko, kwa ngumi, kwa konzi la matope, puani, taya, sikioni. Maji yakawa mekundu kuzunguka kichwa chake. Alitema jino, nami nikaendelea kupiga.

Shuka lilipomtoka kichwani niliona nywele nyeupe. Alikuwa mzee, umri wa kunizaa.

"Nimewatoa, mwanangu," alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Nimeshawatoa."

Nikageuka. Ng'ombe wengine wote walikuwa barabarani. Kijana wake alikuwa analirudisha lile dume, na mpunga wetu ulikuwa umesimama, umekanyagwa pembeni tu, hatua mbili tatu.

Watu walimpakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali ya mjini, mmoja amemshika kwa nyuma ili asianguke. Kabla jua halijazama simu zilikuwa zimeshaeleza yote. Yule aliyeninyang'anya meno alikuwa ameliondoa dume zizini kwake miezi kadhaa nyuma. Alilitoa mahari, kwa ajili ya mwanawe anayeoa. Mzee niliyemvunja taya alikuwa baba wa bibi harusi, baba wa yule aliyenikanda mikono kwa maji ya chumvi. Na mzee alipoulizwa nani kampiga alisema hajui jina langu, anachojua ni kwamba nina pengo.

Baba yangu alikwenda kuomba radhi, mimi sikuchukuliwa. Niliporudi mjini ningeweza kukaa nyumbani. Lakini nilijua nikikwepa jioni moja nitakwepa maisha yangu yote, na huko mtaani tungekutana tu. Nikaenda uwanjani.

Yule binti alikuwa ameshafika. Hakunisalimia. Mwalimu alitutazama wote wawili, akaacha baiskeli aliyokuwa ameipindua, akawaambia wengine wasogee. Nilisimama mbele ya mwenzangu, mikono nimeiacha ining'inie mapajani.

"Nimekosa," nikasema. "Nipige."

"Inua mikono."

"Nipige tu. Sitajikinga."

"Inua mikono, dada. Baba alikuwa ameiweka kwenye fimbo. Alikuwa anakusalimia. Mimi sitampiga mtu namna hiyo. Inua."

Nikainua. Alinipiga tumboni, nilipoinama akanipiga usoni, nikaanguka juu ya sakafu yenye punje zilizosahauliwa. Damu ilinijaa kooni. Nilidhani ataendelea nikiwa chini, na ningeona ni haki yake. Hakuendelea. Alisimama pale analia, ngumi zimekunjwa, akanisubiri nisimame na kuinua mikono tena, ndipo akapiga.