Kabati la Mama na Sweta la Baba

Baba aliponiruhusu kulikata kabati la nguo la marehemu mama, alisema jambo moja tu: "Usije ukaliharibu tukakosa vyote viwili, kabati na mashine." Kisha akatoka kwenda kumwagilia mboga. Nikabaki na msumeno mkononi, na siku hiyo sikukata kitu.

Nilitaka kutengeneza mashine ya gemu kama zile za zamani, ambazo mtu husimama mbele ya skrini, mkono mmoja kwenye kijiti cha kuongozea, mwingine kwenye vitufe. Sijawahi kugusa hata moja ya kweli. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, nikizisimamisha kila mara ili nichore vipimo kwenye katoni. Ndani niliweka kompyuta kuukuu ya duka la intaneti lililofungwa hapa mjini Sumbawanga. Fundi wa mageti alinikatia bati nene la kushikilia vitufe, akaniuliza kama natengeneza jiko.

Mbao zilikuwa za mninga. Mama alikuwa na desturi ya kuweka vipande vya sabuni katikati ya nguo, na nilipoanza kupiga msasa, harufu ile ikatoka. Nilikaa chini kidogo kabla ya kuendelea.

Mimi ni mtu wa kurudia, sina haja ya kulificha hilo. Upande wa kushoto niliupaka vanishi, nikaukwangua, nikaupaka tena, kwa sababu ya unywele mmoja wa brashi ambao hakuna mtu angeuona. Nikishafunga skrubu naifungua nione kama niliifunga sawasawa. Lakini safari hii hofu ilikuwa na sababu. Mashine isipofanya kazi, nitakuwa nimekata kabati la mama bure, na baba atanisamehe, na huo msamaha ndio niliouogopa.

Ilipokamilika, baridi ya Juni ilikuwa imeshaingia, pamoja na ule upepo wetu mkavu unaopasua midomo. Nilikuwa nimeijaribu mwenyewe wiki nzima, gemu ya kindege kinachopasua mawe yanayoanguka, na haikusumbua hata mara moja. Nikamwita baba. Akainuka kwenye kochi na sweta lake zito la mtumba, akapita juu ya zulia na ndala zake, akashika kijiti. Skrini ikaganda.

Nikazima, nikawasha. Kompyuta ile huchukua muda kuamka, kwa hiyo baba akarudi kukaa. Alipokuja kugusa tena, ikaganda tena.

"Labda haijanizoea," akasema, akaenda zake kuangalia kuku.

Ikawa hivyo kila alipojaribu. Nikiigusa mimi, inacheza. Akiigusa yeye, inaganda. Nilibadilisha nyaya. Nilifuta programu na kuiweka upya. Nilifungua kila kitufe, nikakisafisha, nikakirudisha. Mwishoni nikaanza kuwaza kitu ambacho sikumwambia mtu: kwamba kabati lenyewe limekataa kukatwa, na limechagua kumwonyesha baba.

Ndipo shangazi, dada yake baba, akapanda kutoka Kaoze kutuletea mchele. Kule bondeni ni joto, kwa hiyo akifika kwetu huwa hatoki ndani ya blanketi. Nilichuchumaa nikampigia makofi ya kumwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye mashine.

"Ndilo kabati la wifi hili?"

"Ndilo, shangazi."

Akalizunguka, akalipapasa. "Umelikata vizuri. Mimi ningelitia motoni, kwa baridi yenu hii." Akanyoosha kidole kwenye vitufe, akakirudisha haraka. "Aa. Limenipiga."

Skrini ilikuwa imeganda.

"Limekupiga vipi?"

"Kidogo tu. Kama mtu anapovua sweta."

Baba akakohoa kwenye kochi. "Hata mimi hunipiga."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

Akaangalia vidole vyake. "Ningekuambia, ungelivunja lote uanze upya. Nikaona heri nipigwe."

Shangazi akacheka mpaka blanketi likamwanguka. "Kwa hiyo, kaka, wifi bado anakupiga." Na baba naye akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka mama anapotajwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelisaka kosa lile kwa siku nyingi, kumbe lilikuwa limekaa kwenye kochi, limenyamaza kwa kuniogopa. Baba hakuiogopa mashine. Aliniogopa mimi na bisibisi yangu.

Kila mtu wa huku kwetu Ufipa anajua kwamba sweta hutoa cheche msimu huu. Mimi nilikuwa nikifanya kazi peku, zulia nimelikunja, bila sweta, mikono wazi ili nguo isinase kwenye nyaya, kwa hiyo cheche haikunipata. Bati la vitufe halikuunganishwa na ardhi popote, hivyo kila cheche ya baba ilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Tayari nilikuwa nimeshika bisibisi, niling'oe bati lote niweke ubao. Baba alikuwa akiitazama bisibisi ile. Nikaiweka chini. Nikachukua waya mmoja wa kijani, nikaufunga kwenye bati na kwenye kasha la chuma la kompyuta, nikaupitisha dirishani hadi kwenye kipande cha nondo nilichokipigilia karibu na bustani. Unakatiza juu ya vanishi yangu. Ni mbaya kuutazama, na sikuuficha.

Baba akainuka na sweta lake, akapita juu ya zulia, akashika kijiti. Kindege kikasogea. Jiwe la kwanza likakipasua.

"Naanzaje tena?" akauliza.

Ardhi ikikauka, nondo haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo kila asubuhi naimwagia maji. Juzi nilitoka na kopo nikakuta udongo wa pale kwenye nondo umeshalowa, na baba yuko mbele kwenye mboga na keni yake ya kumwagilia.

"Kile kitufe cha pili kinanata," akasema bila kugeuka. "Ila usikifungue leo. Nataka kucheza."