Samli ya Mzazi

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mama mkwe alitundika kibuyu cha samli kwenye boriti ya jikoni. Ilitokana na maziwa ya ng'ombe wake wawili wa Kwai, na ilikuwa yangu, kwa siku nitakayojifungua. Mzazi wa nyumba ile alilishwa samli kwenye uji na ugali siku arobaini, na kabla ya hapo hakuna aliyeigusa.

Mwaka ulipokwisha bila mtoto, ile ya zamani ilishushwa, akapelekewa jirani aliyejifungua, na mpya ikapanda. Aliyeipeleka ni mimi. Nilifanya safari hiyo mara nne. Nilitoa hongera zangu, nikamsifia mtoto pua, nikarudi na kibuyu kitupu. Nilikuwa hodari sana wa kusifia pua.

Sikumbuki nilianza lini kuacha mafuta. Niliona tu kwamba kila chenye mafuta ni cha mwanamke mwingine. Nikawa nakula viazi vya kuchemsha na kabichi chukuchuku, nikisema harufu ya samli inanichefua. Nikakonda. Siku zangu zikaja zikipenda, kisha zikaacha kuja. Bustani ya karoti ikaota magugu, na mchana nililala nimejifunika kanga hadi kichwani. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu; ni mtu wa kununa. Nilikuwa na huzuni nzito, nayasema hayo sasa. Wakati ule nilisema kichwa kinaniuma. Mume wangu, aliyekuwa akipasua mbao Shume na kurudi Jumamosi, aliniletea vidonge vya kichwa.

Mama mkwe ndiye aliyenipeleka hospitali. Nilijiandaa kuulizwa habari za kizazi. Muuguzi akaniuliza nilikula nini jana.

"Viazi."

"Umeviunga na nini?"

"Sikuviunga."

Akanipima uzito, akatikisa kichwa. Alisema mwili usiopata mafuta kabisa hupoteza siku zake, na moyo nao huweza kuzama. Akaongeza kwamba hanipi ahadi ya mtoto, ananiambia nile tu. Nilimpenda kwa kutoniahidi. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameshika mkoba wangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Soni, ambayo zamani yalikuwa na chumvi na muuzaji, yalijaa sabuni za rangi na mafuta ya kupikia ya kopo, meupe, yaliyoganda. Siku ya soko iliyofuata mama mkwe alirudi na kopo moja kubwa, akaliweka mezani. Nikatazama boriti. Kibuyu hakipo, na safari hii hakuna jirani aliyejifungua.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Amechoka kunisubiri. Niliingia chumbani, nikatoa nguo zangu sandukuni na kuanza kuzikunja kitandani. Nilizikunja vizuri, maana sikutaka kwetu waseme nimefukuzwa.

Akasimama mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Kwetu, mama. Kibuyu umekishusha."

"Nimekiuza. Nimekununulia lile kopo."

"Mimi?"

"Muuguzi amesema ule mafuta, na samli huitaki. Miaka yote hii nakuona unaikimbia. Nikasema labda ya dukani hayatakuchefua."

"Samli hainichefui, mama. Si yangu. Ni ya mzazi."

Akakaa kitandani, juu ya nguo zangu. Akikasirika huwa anahamia Kishambaa, lakini safari hii alibaki kwenye Kiswahili, polepole, kama mtu anayeongea na mgeni.

"Ng'ombe ni wangu," alisema. "Na wewe ni wangu."

Nililia hapo, mbele za mtu. Yeye akaanza kuzikunjua nguo, moja moja, akizirudisha sandukuni ovyo kabisa.

Kopo tulilimaliza kwa kuungia maharage. Siku zangu zilirudi baadaye, na asubuhi moja nikajikuta nang'oa magugu bustanini bila kuambiwa. Kama ni mafuta au ni lile neno lake, sijui, na waliosoma wanaweza kubishana. Mtoto hakuja, wala hajaja.

Samli mpya ilipoiva, mama mkwe aliijaza kwenye kibuyu kingine. Nikavuta kigoda ili niitundike kwenye boriti. Akaninyang'anya kibuyu, akakiweka chini, kando ya chumvi, upande ninaokaa nikipika.

"Hapo," akasema. "Mkono wako ufike."