Kifurushi cha Nyuma ya Madhabahu

Admin, nifiche kabisa, usitaje hata usharika, maana huku milimani Lushoto tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka 34, mwalimu wa chekechea ya kanisa na katibu wa baraza la wazee wa mtaa wetu. Mume wangu ni mwinjilisti wa mtaa huohuo. Nyumba tunayoishi ni ya kanisa, na shamba la kabichi tunalolima ni la kanisa. Nawaambia mapema ili mnaopenda kutukana mjue kwanza nina nini cha kupoteza.

Mimba zangu mbili ziliharibika. Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Mlola na kifurushi cha dawa ya mganga, kidogo kama kidole gumba. Akaniambia, "Mwanangu, vaa kiunoni, na mumeo asijue." Mke wa mwinjilisti nikavaa. Kilipochakaa nikakishonea kitambaa kipya, kipande cha sare za chekechea, kile cha drafti za bluu, kwa sababu sare zile nazishona mwenyewe. Baada ya muda nikashika mimba. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, na kifurushi sikukivua. Mniite mnafiki, nimeshajiita.

Jumamosi moja nilikuwa napanga maua madhabahuni, kamba ikakatika bila mimi kujua. Bibi Ruti (si jina lake), mjane anayefagia kanisa kwa kujitolea, ndiye aliyekikuta nyuma ya madhabahu. Angeweza kukitupa shimoni akanyamaza. Yeye alikifunga kwenye jani la mgomba akampelekea mwenyekiti wa baraza kwa mikono yake miwili. Wazee waliogopa hata kulifungua lile jani, wakalichoma hivyohivyo. Kwa hiyo kitambaa changu alikiona yeye peke yake.

Barazani mwenyekiti akauliza, "Madhabahuni anaingia nani kila siku? Aliyekiona ndiye aliyekiweka."

Mzee mwingine akaitikia, "Kweli kabisa, mghoshi," akimwita mwenzake kwa heshima ya Kisambaa.

Bibi Ruti akaomba kusema. "Wazee wangu, sikukiweka. Aliyekiweka yupo, na Mungu anamjua." Hakumtazama mtu.

Ikapigwa kura atengwe. Maana yake hasogelei meza ya Bwana, na akifa leo hagongewi kengele wala hazikwi na kanisa. Bibi ana miaka sabini na kitu na kifua kinamsumbua kila baridi. Mimi nilinyoosha mkono. Sikuwa wa kwanza, nilisubiri mikono mitatu ipande ndipo wangu ukafuata. Kisha nikauandika uamuzi kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Petro alimkana Bwana jogoo akawika mara akalia; mimi wamewika majogoo wa mtaa mzima na bado nimekaza uso.

Tangu siku hiyo simwamini mtu. Mwenyekiti ameniletea mapeasi kikapu kizima, eti "mama mwinjilisti ale vizuri." Nile vizuri kwa nini? Mimba hii anaijua mume wangu tu, na sweta zangu zinaificha. Mume wangu naye, mtu ambaye hajawahi kushika sindano, juzi kaniuliza, "Vile vipande vya sare vinavyobaki huwa unavipeleka wapi?" Akasema anataka cha kufutia pikipiki. Nimempa kitambaa cheupe, na nimemwona akikigeuza huku na huku kabla ya kuondoka. Halafu mchungaji kaagiza tangazo la kumtenga Bibi nisome mimi, wakati matangazo ya kutenga siku zote husoma mwenyekiti. Wananitega? Au ni dhambi yangu inayoniwekea macho kwenye kila ukuta?

Jana nilikutana na Bibi Ruti njiani, amejitwika majani ya ng'ombe. Nilitamani ardhi inimeze, lakini huku mkubwa hapitwi bila salamu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mtoto anacheza?"

Akatua mzigo, akashika kola ya mtoto wa chekechea niliyekuwa namrudisha kwao, akaipapasa kwa kidole. "Umezishona vizuri sare zenu. Kitambaa hiki hakichuji." Akajitwika tena. "Jumapili nitasimama mbele kama walivyosema. Wewe usome taratibu, masikio yangu siku hizi mazito."

Hakuwa na hasira, na hicho ndicho kinachonitesa. Sijui ananisamehe au ananisubiri. Angenitukana ningelala. Amejua, na amebeba aibu yangu juu ya mzigo wa majani, mimi nikamwitikia "sawa bibi" kama nimeombwa chumvi.

Nikisema, tunatoka kwenye hii nyumba, mume wangu anavuliwa kazi, na mama mkwe atasema nimemuua mwanawe. Nikinyamaza, mwanangu atazaliwa na kubatizwa mbele ya madhabahu ileile, na Bibi akichungulia dirishani.

Jumapili ni keshokutwa. Tangazo nimeshaliandika. Jina nimeandika, siku nimeandika, mbele ya neno "sababu" nimeacha wazi. Ndugu zangu, mnaomwogopa Mungu na mnaoogopa watu kama mimi, niandike nini hapo?